Gari la Kocha Halikuja

Kocha alikuwa amesimama nje ya geti, begi begani, filimbi shingoni, akisubiri gari jeupe la klabu. Asubuhi ilikuwa na ukungu mwepesi, na nyumba za mtaani zilionekana kama zimechorwa kwa penseli na mchoraji akaghairi kuzimalizia. Ligi ilikuwa imekwisha Jumapili. Usiku kucha aliiota mechi hiyo ya mwisho. Ndotoni ule mpira uliogonga mwamba uliingia, ukatoka, ukaingia tena, na kila ulipoingia yeye alizinduka akiwa amenyoosha mikono juu. Hata sasa usingizi ulikuwa haujamtoka wote. Alijiona kama amesimama hapo tangu msimu uanze.

"Baba watoto," mke wake aliita kutoka mlangoni, kikombe mkononi, "hilo gari lako leo limelala?"

"Litakuwa kwenye foleni."

"Foleni saa hizi? Hata mbwa wa jirani hajaamka."

Mke wake alikuwa na utani wa kila siku, lakini leo macho yake hayakutania. Alikuja mpaka getini, akasimama kando yake na khanga mabegani, wote wawili wakautazama ukungu.

Klabu ile ilikuwa na namna yake ya kumfukuza kocha. Kwingine mtu huitwa ofisini, hukalishwa, hupewa soda na maneno matamu, kisha hufungashiwa virago. Hapa hakuitwa mtu. Gari lilikuwa haliji tu. Kocha wa watu alisubiri siku ya kwanza, akasubiri ya pili, akapiga simu zisizopokelewa, akaona aibu ya majirani, akajifungia ndani. Baadaye katibu wa klabu aliwaita waandishi wa habari na kuwaambia, kwa huzuni nyingi, kwamba kocha amekacha kazi, mazoezini haonekani, na anayekacha kazi hana haki anayodai. Mkataba ulisema hivyo, na mwandishi wa mkataba alikuwa katibu huyohuyo. Ujanja mtupu, tena ulikuwa unaokoa na petroli.

Kocha aliyemtangulia, mzee mmoja waliyemwita Babu Kofia, walimalizana naye vivyo hivyo. Kocha alipompigia simu kumpa pole, mzee alimwambia neno moja tu: "Mwanangu, siku gari lisipokuja, usibaki getini." Kocha alicheka wakati ule. Alidhani mzee ana uchungu wake.

Ndipo gari lilipotokea. Lilitoka kwenye ukungu polepole, taa zimewashwa, na Kocha akashusha begi begani kama alivyozoea. Halikupunguza mwendo. Dereva, ambaye klabuni wote walimwita Kimya, alikazia macho usukani kana kwamba ndio kwanza anajifunza kuendesha. Kiti cha nyuma alikaa msaidizi wa Kocha, ndani ya suti mpya ya michezo ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Walipofika usawa wa geti, Msaidizi aliinama.

Gari likapita, ukungu ukalimeza.

"Yule si shemeji?" mke wake akauliza.

"Ndiye."

"Anatafuta nini huko chini?"

"Anafunga kamba za viatu."

Mke wake alijifunga khanga vizuri. Kijana yule alikuwa amekula kwenye meza yao msimu mzima, na kila alipoondoka alibeba sahani zake mwenyewe hadi jikoni. "Ingia ndani unywe chai," akasema. "Tukae tufikirie."

"Nikiingia ndani nimekwisha, mama watoto. Watasema nimekimbia. Nani atamwajiri kocha aliyekimbia timu yake? Kufukuzwa si neno, makocha wote hufukuzwa. Lakini wanifukuze kwa mdomo wao."

Mke wake alimtazama, kisha akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na zile koni za mazoezi, za rangi ya chungwa, ambazo watoto walikuwa wakizichezea uani. Alizipangusa vumbi kwa ncha ya khanga, akazipachika moja juu ya nyingine, akampa.

"Basi nenda," akasema. "Miguu unayo."

Njia ya uwanjani hakuwahi kuipita kwa miguu. Kila siku aliiona dirishani, ikipita bila sauti. Leo ilikuwa na harufu ya mkaa na sabuni ya kufulia, na watu walimtokea ghafla kwenye ukungu, wakamtambua, wakapotea tena. Wengine walimsalimia kwa sauti ya chini, ile ya nyumba yenye mgonjwa. Kocha alitembea kwa ulaini wa ajabu, kama mtu anayetembea ndani ya maji, na kichwani bado alikuwa anapanga kikosi cha msimu ujao. Beki wa kushoto mpya. Yule namba saba abaki, hata kwa kumbembeleza.

Muuza duka wa kwenye kona, aliyekuwa akimwita Profesa kila timu iliposhinda, alikuwa anafungua milango.

"Kocha, leo kwa miguu?"

"Mazoezi."

Muuza duka aliona aibu, akaanza kupanga mikate iliyokwisha kupangwa. "Pole, ndugu yangu. Nimesikia unga umemwagika."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa watu."

"Na hao watu wamesikia kwa nani?"

Muuza duka aliwaza, mkate mkononi. "Sasa hapo sijui. Si kila mtu anajua?"

"Mimi sijaambiwa," Kocha akasema, akaendelea na safari yake.

Kwenye geti la uwanja wa mazoezi mlinzi alimwona kutoka mbali, akajifanya hamnazo hadi alipomfikia.

"Nimeambiwa usiingie, Kocha."

"Nani kakwambia?"

"Katibu."

"Kwa hiyo nimefukuzwa?"

"Aa, hilo mimi sijasema. Usinitie maneno mdomoni, nina watoto."

"Kama sijafukuzwa nimechelewa kazini. Nifungulie."

Mlinzi alivua kofia, akajikuna, akaivaa. Alitazama kulia na kushoto ingawa hapakuwa na mtu. Hatimaye akasema ana haja ndogo, akafungua kitasa, akaenda zake nyuma ya kibanda akipiga mluzi. Geti lilibaki wazi kiasi cha mtu mmoja kupita.

Uwanja ulikuwa mtupu na umelowa. Wachezaji walikuwa wamekwenda makwao, na nyavu zilikuwa zimekwisha kushushwa. Kocha alitoa koni, akazipanga mstari mmoja, akapanga mwingine, akarudi nyuma kuangalia kama zimenyooka. Akapuliza filimbi. Sauti ilikwenda hadi upande wa pili wa uwanja, na yeye akawaona wakitoka kwenye ukungu mmoja mmoja: namba saba na miguu yake mirefu, kipa anayebusu glavu, yule kiungo mvivu ambaye ilibidi kumtukania uvivu kila siku ndipo akimbie.

"Panua uwanja!" Kocha akapaza sauti. "Usiangalie mpira, mwangalie mwenzako! Rudi, rudi, rudi!"

Alikimbia nao kandokando ya mstari. Alipiga makofi. Kwa muda huo mfupi alikuwa na furaha, furaha ya kweli, ambayo hakuipata msimu mzima kwa kuhofia matokeo. Hakuna aliyekosea. Kila pasi ilifika.

Filimbi ndiyo iliyowaleta waandishi wa habari. Walikuwa wamealikwa ofisini kusikiliza tathmini ya msimu, na waliposikia mazoezi yanaendelea wakaacha soda zao wakatoka na kamera. Katibu aliwafuata mbiombio, viatu vyake vinavyong'aa vikizama kwenye nyasi. Nyuma yake alikuja Msaidizi, taratibu, mikono mifukoni.

"Kocha," katibu akasema akitabasamu, "tusifanyiane vituko mbele ya wageni."

"Vituko gani? Nafundisha."

"Unafundisha nani?"

"Timu iko likizo. Mimi likizo sijapewa."

Waandishi wakacheka. Katibu naye akacheka, kidogo, kama mtu aliyeungua ulimi. "Nenda nyumbani ukapumzike. Tutakupigia simu."

"Nimefukuzwa?"

"Hakuna aliyetamka neno hilo."

"Basi niko kazini, katibu, na umenisimamia kwenye njia ya winga."

"Uongozi unatafakari."

"Mimi sina ugomvi. Litamke hilo neno moja, nikusanye koni zangu, nikamsaidie mke wangu kufunga mizigo. Nyumba ni yenu. Gari ni lenu. Nataka neno tu."

Katibu alizungusha macho kwenye kamera, akapangusa jasho ambalo halikuwapo, na hakulitamka. Angesimama hapo hadi kiangazi. Kocha aliliona hilo, akamgeukia Msaidizi.

"Mdogo wangu, leo gari lilikufuata nyumbani?"

"Ndiyo, kaka."

"Limekuleta kufanya kazi gani?"

Msaidizi alimtazama katibu. Katibu alitikisa kichwa, polepole sana. Kijana akatazama viatu vyake, ambavyo kamba zake zilikuwa zimefungwa vizuri kabisa, na Kocha akamwonea huruma. Alijua alivyoitafuta nafasi hii. Alijua mama yake mgonjwa, na nauli alizokuwa akikopa. Karibu amwambie aache, basi yaishe.

"Ya ukocha mkuu," Msaidizi akasema. "Nimesaini jana." Akainua kichwa. "Wamekufukuza, kaka."

"Sema kwa sauti."

"Wamekufukuza!"

Maikrofoni zilikuwa zimekwisha kumfikia mdomoni. Katibu alikuwa anasema kwamba huyu si msemaji wa klabu, tena kwa sauti kubwa, lakini hakuna aliyekuwa akimtazama. Na Kocha, aliyelitafuta neno lile tangu alfajiri, alipolipata lilimpiga kifuani. Machozi yalimlenga mbele za watu. Alipuliza filimbi ya kumaliza mchezo, ndefu, kisha akazunguka uwanjani akiokota koni, moja baada ya nyingine, na hakuna aliyemharakisha.

Mchana redio ilitangaza kwamba kocha amefukuzwa, na sauti iliyosikika ilikuwa ya Msaidizi. Jioni katibu alituma mtu kuulizia funguo za nyumba. Mke wa Kocha alimjibu mtu huyo kwamba funguo zitatoka siku haki za mume wake zitakapotoka, na kwamba amsalimie katibu.

Asubuhi iliyofuata Kocha aliamka mapema kwa mazoea. Hakuota kitu. Alivaa, akachukua koni, akatembea hadi mtaa wa pili, kwenye chumba alichopanga Msaidizi. Ukungu ulikuwa umerudi. Kijana alikuwa amesimama nje ya geti la mwenye nyumba, ndani ya suti mpya, begi begani, akiitazama barabara.

Walisalimiana. Wakasimama pamoja kwa muda.

"Labda foleni," Msaidizi akasema.

"Labda."

Kijana alichomoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha. "Kaka, mimi jana niliinama nisikutazame. Pale getini kwako."

"Niliona." Kocha aligawa koni katikati, akampachika nusu mikononi. "Twende. Wewe nawe ulisaini. Usiingie ndani."

Waliondoka bega kwa bega, wakishika njia ya uwanjani. Hawakuwa wamefika mbali waliposikia lile gari jeupe nyuma yao. Lilikuwa linakuja bila kupunguza mwendo. Kocha hakugeuka kumwangalia aliyekaa kiti cha nyuma. Alimvuta mdogo wake kando, asirushiwe maji ya dimbwi, wakalipisha, wakaendelea kutembea.