Mstari Mwekundu Chumbani kwa Mama Mkwe

Kazi yangu ni kukadiria matope na mawe ya volkano yatapita wapi mvua kubwa ikipiga mlimani, kisha nachora mstari mwekundu kwenye ramani. Safari hii ukapita katikati ya chumba cha mama mkwe.

“Usogeze,” akasema.

“Mama, matope hayapokei amri kutoka kwangu.”

“Na sebuleni?”

“Njano. Ukiwahi kukimbia, unapona.”

“Na kwako?”

Hapo nikavimba. “Kwangu kijani kitupu, mama. Hata tone halifiki.”

Akaniaga kwa adabu ambayo ingepaswa kunishtua.

Jioni nilimkuta mke wangu akitoa ramani zangu kwenye chumba cha wageni. Kitanda cha mama yake kilikuwa mlangoni, mwenyewe amekikalia.

“Nimeiamini kazi yako, mkwe wangu,” akasema.