Daftari Langu Mezani kwa Inspekta

Wasomaji huniuliza hadithi zangu nazitoa wapi, na mimi hukunja uso kabla sijajua kama wana nia njema. Wanisamehe. Mtu wa kwanza kuniuliza swali hilo alikuwa polisi, na alikuwa amemfungia mtu ndani kwa sababu yake.

Ilikuwa 1966, Garissa. Serikali ilikuwa imetukusanya ndani ya seng'enge nje ya mji, ati ili mashifta, waasi wa porini, wasipate chakula kwetu. Ngamia wetu walichukuliwa. Shangazi yangu, Eedo Maka, alinyang'anywa wake wote, na kila asubuhi alikwenda kuketi nje ya ofisi ya Inspekta Kinoti kuwaulizia. Walimfukuza, akarudi. Walimtisha, akarudi na mkeka wake.

Mwalimu wetu Justus, kijana wa Meru, ndiye aliyenipa kitabu kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo. Kilihusu bibi mmoja wa nchi ya barafu ambaye wanajeshi walimchukulia mtumbwi wake, naye akawa anamwendea mkubwa wao kila siku kuudai. Mimi mtumbwi sijawahi kuupanda, na barafu siijui. Lakini nilipofika ukurasa wa nne nilikasirika kwelikweli: nani alimwambia Mzungu huyu habari za shangazi yangu? Nikakisoma mara tatu. Mara ya nne sikuweza kuendelea, maana kila sentensi ilinitoa kitabuni na kunirudisha kwetu. Nikachukua daftari nikaanza kuandika. Mtumbwi ukawa ngamia, barafu ikawa vumbi.

Sasa, kwetu Wasomali, mtu hasomi shairi mbele za watu kabla ya kumtaja aliyelitunga. Ukiacha jina umeiba, na wizi huo watakukumbushia hata wajukuu wako. Kama humjui mtungaji, unamtaja uliyelipata kwake. Kitabu changu hakikuwa na jina la mwandishi, kwa hiyo juu kabisa ya daftari niliandika, kwa adabu zangu zote: "Maneno haya nimeyapata kwa Mwalimu Justus."

Adabu hiyo ndiyo iliyomtia mwalimu ndani. Askari walipekua nyumba zetu, wakalipeleka daftari pamoja na kitabu kwa Kinoti, naye akasoma mahali ambapo bibi anamwambia mkubwa, "Nitakuja mpaka uchoke wewe." Akaona uchochezi, na mchochezi ametajwa ukurasa wa kwanza. Justus alikamatwa darasani, chaki mkononi. Ijumaa angepelekwa kizuizini, na hakuna aliyejua angetoka lini.

Nilikwenda mwenyewe. Kinoti alikuwa nacho kile kitabu mezani, pembeni ya daftari langu.

"Wewe Kinsi, hii hadithi umeitoa wapi?"

"Kwa kitabu, afande. Hiyo habo."

"Nimekisoma. Hapa hakuna ngamia. Hapa kuna mtumbwi."

"Mtumbwi ni ya kitabu. Ngamia ni ya mimi."

"Basi maneno haya si ya kitabu. Ni ya Justus, na umeandika hivyo kwa mkono wako."

"Wallahi si yake! Yeye amenibatia kitabu tu."

Nikamweleza desturi yetu. Alicheka mpaka akakohoa. "Hata Kiswahili cha kuomba maji unakivunja, leo uandike haya? Mwalimu alikuwa akikusomea, wewe unanakili."

Hapo nilishikwa na hasira ambayo mpaka leo haijanitoka. Angeniita mchochezi ningevumilia. Lakini kusema sina kichwa! Kwamba mtu wa kwetu akisoma kitabu, maneno yanaingia jicho hili na kutokea lile bila kuamsha chochote ndani! Ulimi wangu ulikuwa unajikwaa, kila p ikitoka b, sikatai, lakini mkono wangu ulikuwa umefundishwa na vitabu.

"Nibe karatasi," nikasema.

"Ya nini?"

"Niandike mbele ya macho yako. Nikishindwa, beleka mimi bamoja na mwalimu. Nikiweza, mwalimu atoke."

Akanisukumia karatasi na kalamu, kisha akawaita askari wawili waje waone kichekesho. Niliandika nimesimama, kwa kuwa hakunipa kiti. Habari za bibi niliziacha. Niliandika juu ya mkubwa mmoja ambaye kila Jumamosi humwuzia mchinjaji ngamia mnono kutoka zizi la serikali, na nyama ikarudi kambini kuuziwa wenye ngamia wenyewe, nao wakainunua kwa sababu watoto wana njaa. Sikufuta neno hata moja.

Kinoti aliipokea karatasi akaanza kuwasomea askari kwa sauti, akiniiga. Walicheka mistari miwili ya kwanza. Mstari wa tatu alicheka peke yake. Halafu akamalizia kwa macho tu.

"Hii umeitoa wapi?" Safari hii aliuliza polepole.

"Kwa dirisha yako, afande."

Nje ya dirisha, ngozi tatu zilikuwa zimeanikwa juani, na kila moja ilikuwa na alama ya chuma cha moto ambayo ukoo wetu huwatia ngamia wake shingoni. Wale askari wawili waligeuka kutazama. Kinoti aliinuka akafunga dirisha, akaichana karatasi yangu vipande vidogo vidogo, ndipo akatoa amri Justus afunguliwe.