Jina la Chausiku Katika Hitima

Mwanaharusi alipovunja ungo, baba yake, Mwinyi Pazi, alimweka ndani kama desturi ilivyotaka, na masomo ya Kurani chuoni yakakoma siku hiyo hiyo. Shule ya serikali kule Bagamoyo mjini ilikuwa ya wavulana. Ya mapadri ndiyo kabisa, Mwinyi Pazi hakutaka hata kuisikia. "Atarudi hapa anaitwa Evarista," alisema, na maneno yakaishia hapo.

Lakini binti wa ukoo wa Kishirazi, hata akiwa ndani, hakuachwa awe mbumbumbu. Ilimpasa awajue mabwana wa kale wa Kaole, waliojenga msikiti wa mawe na makaburi yenye minara wakati Bagamoyo yenyewe ilikuwa pori. Tena kila mwaka, mwezi wa Shaabani, ilisomwa hitima ya wafu wa nyumba, na katika nyumba ile majina yalitajwa na mwanamke. Wanaume walikwenda kuzuru makaburini. Wanawake walikaa ukumbini, mmoja akataja jina, wengine wakaitikia. Safari hii ilikuwa zamu ya Mwanaharusi.

Sasa nani wa kumfundisha? Bibi yake, Bi Mwaija, aliyekuwa na ukoo mzima kichwani na akiutaja kila mwaka, alikuwa amekufa. Mama yake, Bi Mwanamkasi, alikuwa na subira ya kuchagua kanga, si ya kusikiliza wazee. Aliyesikiliza miaka yote ile, huku akimkanda Bi Mwaija miguu, alikuwa Sikuzani.

Sikuzani alikuwa mzalia: mama yake alinunuliwa, na yeye akazaliwa mumo humo nyumbani. Waingereza walikuwa wamekwisha kutangaza kwamba Tanganyika hakuna mtumwa tena. Tangazo hilo lilimkuta Sikuzani anakuna nazi, naye akaendelea kukuna, maana watu walikuwa wanangoja kula.

"Shikamoo, mwana," alisema kila asubuhi akiingia chumbani, yeye mwenye mvi.

"Marahaba, Sikuzani," alijibu mtoto, na wala hakuna aliyeona kioja.

Mtoto hakuruhusiwa kutoka, hivyo Sikuzani alimletea mji wa Kaole mle ndani. Alipanga vifuu vya nazi juu ya mkeka. Kifuu hiki msikiti, hiki kisima, hivi makaburi. Alimweleza jinsi bakuli za Uchina zilivyobandikwa kwenye minara ya makaburi ili marehemu wajulikane kuwa walikula vizuri, na jinsi mikoko ilivyokuja polepole ikaifunga bandari, mji ukafa bila vita. Alijua kusimulia, mwanamke yule. Hata Bi Mwanamkasi alikuwa akipita mlangoni akisingizia kutafuta ufunguo.

Hadithi aliyoipenda mtoto ilikuwa ya Mwinyi Haji, bwana wa kwanza. Alishuka pwani akaomba ardhi, wenyeji wakamwambia achukue kadiri siwa yake, ile pembe kubwa ya mabwana, itakavyosikika. Siwa ikapulizwa toka alfajiri, ikasikika Mlingotini, ikasikika hadi Mapinga, na yote ikawa yake.

"Aliipuliza nani?" aliuliza Mwanaharusi.

"Mpuliza siwa."

"Jina lake?"

"Halikushikwa. Jina husomwa pamoja na la baba yake, mwana. Haji bin Ali, Omari bin Haji, Msabaha bin Omari. Jina lisilofuatwa na baba hatulisomi, maana hatujui tunamwombea nani. Bibi yako alinipiga kofi nilipokosea hapo."

Alilisema hilo kwa fahari, kama mwalimu yeyote anayetaka kazi yake iwe safi. Fahari ile ndiyo iliyomponza.

Kwa sababu Sikuzani alikuwa na jambo lake moyoni. Mama yake aliitwa Chausiku. Bi Mwaija alipojifungua Pazi na maziwa yakakataa kutoka, Chausiku ndiye aliyemnyonyesha, titi moja Pazi, jingine Sikuzani. Kwa dini, basi, yule Mwinyi aliyekuwa akipita ukumbini na bakora yake alikuwa ndugu yake wa kunyonya, na Chausiku alikuwa mama wa Mwinyi pia. Hakuna aliyelikana jambo hilo. Halikuzungumzwa tu. Chausiku alizikwa nje ya ukuta wa makaburi, upande wa michongoma, na mwaka hadi mwaka hitima ilisomwa, wafu wote wakarehemiwa, yeye hakutajwa. Sikuzani alitaka jina la mama yake litajwe mara moja ukumbini, wanawake wale waitikie, "Mola amrehemu." Hakutaka kingine chochote katika nyumba ile.

Alilichomeka jina hilo mwishoni, baada ya Bi Mwaija. "Kisha Chausiku, aliyemnyonyesha baba yako."

"Naye alikuwa wa watu gani?"

"Alitoka bara, mbali sana. Alikuja pwani na msafara mkubwa."

Hakusema uongo. Msafara ulikuwa mkubwa kweli, ila Chausiku hakuwa miongoni mwa waliouongoza. Mtoto alikunja vidole, akayarudia majina yote tangu Haji mpaka Chausiku bila kujikwaa. Sikuzani alitoka pale akaenda jikoni akalia, na alipoulizwa akasema ni moshi.

Siku ya hitima ukumbi ulijaa. Ubani ulifuka chetezoni, wanawake walikaa kwenye mikeka wamejitanda, na Mwanaharusi katikati yao, amepakwa hina. Sikuzani alikaa kizingitini pamoja na birika la kahawa.

Mtoto alianza. Sauti ilikuwa ndogo, kisha ikakaza. Haji bin Ali. Mola amrehemu. Omari bin Haji. Mola amrehemu. Wanawake walitazamana kwa kuridhika. Alishuka nao kizazi kwa kizazi, mabwana na mabibi, hata waliokufa wangali watoto wachanga. Akafika: "Mwaija binti Rajabu."

"Mola amrehemu."

Mwanaharusi akamtazama Sikuzani pale kizingitini, kitambo kidogo tu, kisha akashusha macho.

"Al-Fatiha," akasema.

Mikono yote ikainuliwa. Sikuzani naye akainua yake, kwa kuwa mtu hawezi kuacha mikono chini wakati wa Fatiha watu wakimwona.

Baadaye, sahani zikioshwa, Bi Mwanamkasi alimwita, akampa doti ya kanga mpya kabisa. "Umemfundisha vizuri," alisema. "Hata mkwe wangu marehemu asingefanya zaidi." Sikuzani alipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Kisha akaenda chumbani kwa mtoto.

"Mwana, umemsahau mmoja."

"Sikumsahau." Mwanaharusi alionekana ameumia. "Nilitaka kumtaja. Jana nikamwuliza mama, Chausiku binti nani? Mama akasema hajui. Nikaona nikimtaja hivi hivi bila baba, watu watasema wewe hukunifundisha. Nimekusitiri."

Macho yake hayakuwa na hila hata chembe. Laiti yangekuwa nayo. Mtu anaweza kumchukia mwenye hila akapumua.

"Niambie baba yake," alisema mtoto, "mwakani nitamtaja wa kwanza. Aliitwa nani?"

Sikuzani naye aliwahi kumwuliza mama yake swali lile lile, zamani, wakipepeta mchele. Chausiku alifikiri sana, ungo umetulia mikononi. Alichukuliwa angali mdogo mno. Hakupata kujua baba yake aliitwa nani na watu. Yeye alimwita baba.

"Sijui, mwana," alisema Sikuzani.

"Basi," alisema Mwanaharusi kwa huzuni, na ilikuwa huzuni ya kweli.

Asubuhi yake Sikuzani aliingia na vifuu vyake, akaamkia, akaitikiwa. Akavipanga juu ya mkeka. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Turudie tangu mwanzo," alisema. "Haji bin Ali. Msabaha bin Haji."

Mtoto alikunja kidole, akakikunjua. "Si yupo Omari? Omari bin Haji, halafu Msabaha bin Omari."

"Nilikosea. Uzee huo, mwana. Hapakuwa na Omari."

"Lakini jana nimemtaja."

"Umetaja wengi jana. Nani aliyehesabu?"

Mwanaharusi alimtazama mwalimu wake. Hapakuwa na mtu mwingine wa kumwuliza, si mama yake, si baba yake na bakora yake, wala kaburi lililokwisha kufutika maandishi. Na alimwamini. Msabaha bin Haji, alisema. Akarudia, akakwama, Sikuzani akamrekebisha kwa upole, akarudia tena, mpaka jina la Omari likafutika ulimini mwake.

Sikuzani alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa. Alikuwa amengoja furaha, hata ndogo, nayo haikuja. Jambo moja tu lilikuwa limebadilika: wasiotajwa sasa walikuwa wawili, Chausiku na Omari.