Jina la Kazini

Siku ya kumi na mbili tangu Wanjohi apotee, Lydia aliamka akijua hawezi kuendelea kunyamaza. Kaka yake alitoka nyumbani kwao Peckham Jumatatu alfajiri kwenda kazini, kusafisha maofisi huko Stratford, na hakurudi. Simu yake ilizimika. Polisi walishaarifiwa, picha ilishabandikwa hadi mlangoni pa kanisa, na watu wa fellowship walifunga na kuomba. Yote mema hayo, lakini jamani, unamtafutaje mtu huku umeficha jina lake?

Maana Wanjohi hakuwa na karatasi za kuishi na kufanya kazi. Kwa Wakenya wa huku ughaibuni hiyo si habari: asiye nazo huazima za mwenziwe, akaingia kazini kwa jina la mwenye nazo, na wote wakafunga midomo. Kazini Wanjohi aliitwa Griffins. Na Griffins mwenyewe ni mume wa Lydia.

Polisi walipouliza aliyepotea anafanya kazi wapi, Griffins alimfinya mkewe mkono chini ya meza. Lydia akajibu kwamba kaka yake hana kazi.

Asubuhi hiyo ya Ijumaa alimkuta mumewe jikoni, akimpakia binti yao Natasha chakula cha shule.

"Baba Natasha, leo naenda kusema."

Griffins hakugeuka. "Ukisema, mimi nimeisha. Watanifunga, au wanirudishe Kenya. Huyu mtoto utamlea na nani?"

"Mficha uchi hazai. Yule ni kaka yangu."

"Na mimi je?"

Lydia alimpenda mwanamume huyu. Ndiye aliyempokea Wanjohi bila kuguna na kumpa karatasi zake kwa moyo mweupe, hata shukrani hakudai. Kumlipa hivi kulimuuma Lydia mpaka akalia pale pale, mbele ya mtoto. Kisha akavaa koti, akatoka.

Kituoni alimkuta afisa yuleyule wa mara ya kwanza, mama wa makamo aitwaye Anne. Lydia akamwaga yote. Anne hakumkaripia. Aliandika jina la Griffins kwenye kompyuta, akapiga simu moja, akapiga ya pili, kisha akamuuliza kama angependa maji. Lydia ametunza wazee miaka tisa, na alijua mtu huletewa maji wakati gani.

Hospitalini Lydia na Anne walipokewa na nesi mmoja, Vasanti, akawakalisha kwenye chumba kidogo. Alieleza polepole. Mgonjwa aliletwa ile Jumatatu, alikuwa ameanguka ndani ya basi, mshipa wa kichwa umepasuka. Mfukoni alikuwa na kitambulisho cha kazi tu, chenye jina la Griffins. Waliandika barua kwa anwani ya Griffins waliyoipata kwenye rekodi, nyumba ambayo yeye na Lydia walihama miaka minne iliyopita. Hakuna aliyejibu. Alifariki juzi, Jumatano.

"Aliteseka?" Lydia aliuliza.

"Si sana. Hata alikuwa anaongea." Vasanti alitaka kumfariji, hilo lilionekana. "Tulikaa naye kila tulipopata nafasi. Ila akili ilikuwa imevurugika, maskini. Tukimwita Griffins anakasirika. Anasema yeye ni Wanjohi, ana dada yake Peckham, tumwitie."

Akafungua faili, ili Lydia aone kwamba mgonjwa hakutelekezwa. Kila siku, siku zote tisa, wauguzi walikuwa wameandika maneno yaleyale: amechanganyikiwa, hajui jina lake.

Lydia alisoma kurasa zote, hakuruka hata moja. Vasanti akachukua kalamu na kuuliza kwa upole aandike nani kwenye nafasi ya ndugu wa karibu.

"Andika Lydia," alisema. "Dada yake. Wa Peckham."

Nesi aliyatazama tena yale maneno kwenye faili, akaiweka kalamu chini.