Bomba la Bluu

Mpimaji wa idara ya maji alilifungua bomba la zimamoto polepole, akaacha maji ya kutu yamwagike barabarani mpaka yakawa safi. Zamani maji hayo yaliruka hadi ng'ambo ya barabara, na yeye na watoto wenzake walisimama chini yake wakipiga kelele, nguo zimewaganda mwilini. Leo yaliangukia hapo hapo karibu.

"We Chura!" shangazi yake aliita kutoka mlangoni pa nyumba aliyomlelea. "Hujaacha tu kucheza na maji?"

"Siku hizi nalipwa, Shangazi."

Alisoma kipimo, akapima tena, kisha akaandika kwenye fomu: nguvu ndogo. Akafungua kopo la rangi nyekundu.

Shangazi akaja mbio, kandambili zikimpiga visiginoni. "Nyekundu ya nini? Baba yako, Mungu amrehemu, alilipaka bluu kila mwaka!"

"Bluu ni ya bomba lenye nguvu. Hili limechoka."

"Si uandike lina nguvu? Nani atajua?"

"Nyumba yako ikishika moto, wazimamoto wataona bluu na kulitegemea. Wakiona nyekundu, watajua waje na maji yao."

Mpimaji akapaka, mkono ukiwa mzito, mpaka bluu ya baba yake ikafunikwa yote.

"Na rangi ya bluu unayo?" Shangazi aliuliza hatimaye.

"Ipo garini."

"Basi huondoki, Chura. Njoo unipakie mlango."