Injini Iliyokunywa Pipa la Ukoo

Masama hakuna maji makubwa kuliko ya mfereji, lakini marehemu Filemon alirudi siku moja kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu na injini ya boti begani. Boti yenyewe hakurudi nayo. Alisema imezama, na kwamba mwakani angeshuka kutafuta nyingine. Ikapita mwakani, ikaja mwakani nyingine, Filemon akazeekea kihambani kati ya migomba na kahawa. Injini nayo ikazeeka naye, imebanwa kwenye ubao mnene alioupigilia juu ya pipa.

Kila Jumamosi alijaza pipa maji, akavuta kamba, injini ikanguruma hadi kuku wakahamia kwa jirani.

"Mama," alikuwa akimwambia mkewe Aikande, "injini ya majini haiwashwi kavu hata kidogo. Tumboni ina kimpira cha kuvuta maji ya kuipoza. Yakikosekana kinaungua, na yenyewe inaungua. Wewe tazama hapa ubavuni. Ikikojoa, ni nzima. Isipokojoa, zima."

Alipofariki, Aikande aliendelea. Boti hakuwahi kuiona ila ile ya Petro kwenye picha ya shule ya Jumapili, lakini alichanganya petroli na oili kama alivyofundishwa, akapangusa plagi, akaomba, akavuta kamba. Mara ya kwanza majirani walifika na mahindi kichwani, wakidhani ni mashine ya kusaga. Aikande yeye alisikia kingine. Kule kukohoa kwanza, kisha kutulia, ndivyo Filemon alivyokuwa akiamka asubuhi. Sauti nyingine ya mume wake hakubakiwa nayo.

Shemeji yake Godlove hakuisikia hiyo sauti. Yeye alitaka nafasi ya banda la mbuzi.

"Shemeji, hicho ni chuma. Tunafuga injini kama ng'ombe, na maziwa haitoi!"

"Na ng'ombe wako anatoa?" Aikande akamjibu.

Shauri likafika kwa Mzee Ebenezeri, mkubwa wa ukoo. Akasema, "Jumamosi tukikutana, iwashwe tuione. Ikiwa nzima inabaki. Ikiwa chuma, iende na vyuma." Godlove, kwa jinsi alivyojiamini, akamwita kabisa Jovin, mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Bomang'ombe, aje na mizani na gari lake la kirikuu.

Ijumaa Aikande aliinua injini, akajaza pipa hadi juu, akalifunika kwa majani ya mgomba, akalala kwa amani. Asubuhi akaenda kufagia kanisa, maana ilikuwa zamu yake. Aliporudi alikuta ukoo umeshakaa kwenye mabenchi, na Jovin ameshafungua ubavu wa gari. Akafunua pipa. Povu la kahawia likamtazama.

"Wifi Kindness!" akamwita dada wa marehemu, mpishi wa pombe ya ukoo.

"Abee, wifi."

"Maji yangu yako wapi?"

"Yale? Nimemwagia migomba. Mbege ilizidi ndoo, nikaona pipa limekaa bure. Nimelisugua kwa mchanga na majivu, wifi. Ungeweza kumbatizia mtoto humo."

Bomba lilikuwa kavu. Mfereji ulikuwa kwa watu wa juu hadi jioni, na mtu haendi kuchepusha maji ya zamu ya mwenzake, hata kama anaunguliwa na nyumba. Maji ya ndoo ya kuoshea vibuyu yasingefika hata kwenye pangaboi la injini.

"Hakuna maji?" Godlove akauliza huku akitabasamu. "Basi washa hivyo hivyo, shemeji. Chuma hakina kiu."

Kavu, hapana. Aikande hakuwa ameonja pombe tangu kipaimara, wala hakutaka kuigusa. Akasimama mbele ya pipa, akafumba macho. "Bwana," akasema taratibu, "kule Kana walikuwa na maji, wakakosa divai. Sisi mbege tunayo, tumekosa maji. Unajua mwenyewe."

Akasubiri kidogo, akachovya kidole. Bado mbege. Akaona basi hilo ndilo jibu.

Akaishusha injini ndani.

"Wifi! Mbege ya wazee!"

Akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena, ikakohoa. Akavuta kwa nguvu zote za mtu anayebeba majani ya ng'ombe kila siku, ikanguruma. Pangaboi likakoroga mbege, povu likafurika, ulezi ukaruka ukatua kwenye shati jeupe la Godlove. Wazee wakashika vichwa. Aikande hakutazama shati wala wazee. Macho yake yalikuwa kwenye kitundu cha ubavuni.

Haikukojoa.

"Haikojoi!" Godlove akashangilia. "Si ndiyo alama yenu? Haikojoi!"

Mkono wa Aikande ukaenda kuzima, kama alivyofundishwa. Ndipo akaona kapi la ulezi limechungulia kwenye kitundu. Akachomoa njiti ya ufagio, akachokonoa. Mbege ikachomoka, nyembamba, ya moto, ikavuka uwanja. Mzee Ebenezeri, aliyekaa mbele, hakufikiri. Mkono wake ulizoea. Akanyoosha kibuyu, akakinga, akanywa.

Injini ikaendelea kukojoa.

"Ina mafuta ya chemli ndani," Mzee Ebenezeri akasema. Akaonja tena. "Lakini imepashwa vizuri."

"Baba! Umekunywa mkojo wa injini!"

"Tulia, Godlove. Pipa la ukoo linaanzwa na nani?"

"Na mkubwa, baba. Halafu wengine."

"Leo nani ameanza? Mimi?"

Godlove akatazama injini, akamtazama mzee.

"Ameanza yeye, mimi nimefuata. Mnaona basi." Mzee akamgeukia Jovin. "Na wewe kijana umekuja na mizani kumpima mkubwa wa ukoo wetu?"

Jovin alikuwa ameshaanza kufunga ubavu wa gari. "Hapana, mzee, sikujua. Shikamoo." Kisha, ili asikosee tena, akainamia pipa. "Shikamoo."

Aikande alikuwa amefunga petroli ili injini imalize iliyobaki kwenye kabureta. Ikakohoa, ikatulia. Wazee walioapa baadaye kwamba iliitikia marahaba ni wale waliokunywa zaidi kwenye zile ndoo.

"Aika, mbe," Aikande akamshukuru mzee, na machozi yakamtoka kidogo.

"Hapana, mkamwana. Mshukuru yeye. Mimi ni mdogo."

Jioni mfereji ulipofika, Aikande alisugua pipa, akaanza kulijaza aisafishe injini tumbo, kama Filemon alivyosema alikuwa akifanya bwawani ikimeza matope. Alisikia hatua nyuma yake. Ni Godlove, ulezi umemkaukia kifuani, ameshika ndoo ya maji kila mkono.

Akazimimina pipani, akasimama akiitazama injini kwa wasiwasi.

"Shemeji," akanong'ona, "huyu nikitaka kujenga banda, namwomba ruhusa vipi?"