Vidonge vya Loveness

Wanawake wenzangu, mimi nimeishia darasa la saba, na haya nimeyaandika nikayafuta mara nyingi. Nayaandika kwa sababu mna watoto, na kwa sababu yule mwanamke bado yuko hai.

Anaitwa Elizabeti. Tulipanga nyumba moja Chumbageni, mlango kwa mlango, jiko la uani tukipokezana. Mumewe Mathew, mkata mkonge, alifariki binti yao Loveness akiwa na miaka minne. Msiba ulijaza nyumba watu. Watu walipoondoka, mtoto akaanza kuugua. Leo naona jinsi mambo hayo mawili yalivyofuatana. Wakati ule sikuona.

Elizabeti alisema ni kifafa, kinamkamata mtoto alfajiri sisi tumelala. Alikuwa amewahi kufua mashuka hospitali, akajua kuongea na madaktari: anakakamaa, anatoka povu, macho yanageuka. Daktari aliandika alichosimuliwa. Mimi niliyelala ukuta mmoja nao sikukiona kifafa hicho hata mara moja.

Mtasema, mbona hukuuliza? Kwetu mnakujua. Wakati huo mimba mbili zilikuwa zimeniharibikia, na mwanamke asiye na mtoto akimchunguza sana mtoto wa mwenzie, kesho mtoto akizidiwa ni yeye kamtia jicho. Basi nilipeleka uji, nikasema pole, nikarudi kwangu. Na Loveness alipokataa vidonge, mama yake aliniita, nami nilimshika miguu.

Shule aliachishwa darasa la tatu. Akawa mtu wa kulala, mate yanamtoka, akienda chooni anashika ukuta. Wageni hawakukauka: leo wanawake wa kanisani, kesho sisi majirani Waislamu. Elizabeti alikaa katikati ya jamvi akisimulia, nasi tukilia. Wageni wakiwa wengi, ndipo mtoto alipozidiwa.

Loveness alipofika miaka kumi na tisa, Elizabeti alikwenda Lushoto kumzika shangazi yake, akaniachia vidonge. Sabra wangu alikuwa mchanga, analia kutwa. Siku ya kwanza Loveness alikitema kidonge, siku zilizofuata mimi nikasahau. Alitetemeka, akatoka jasho, nikaogopa sana. Siku ya nane nilimkuta anafagia uwanja. Alikula ugali, akaomba mwingine.

"Mama Sabra," akaniuliza, "mimi naumwa nini?"

Nikaingia ndani kumnyonyesha Sabra. Na hilo nalo niandikieni.

Mama yake aliporudi, Loveness hakusema kitu. Alivificha vidonge chini ya ulimi kila siku, akaviweka, kisha siku moja akavisaga vyote kwenye chai ya mama yake. Elizabeti alisinzia amesimama, akaangukia jiko la mkaa, mkono ukaungua hadi kwenye kiwiko. Alipona. Polisi walipofika Loveness hakukimbia. Aliwaambia amempa mama dawa zake, kama zilimfaa yeye miaka yote hiyo, na zimfae mama.

Mahakamani niliitwa shahidi. Nikaulizwa kama binti alikuwa mgonjwa. Nikasema ndiyo, ana kifafa tangu utotoni. Niliogopa nikisema vingine nitaulizwa nani alimshika miguu. Loveness alinitazama mpaka nikashuka kizimbani. Akapewa miaka saba.

Alitoka mwaka jana. Nilifungua mlango nikamwona amesimama, mnene, mikono migumu. Nilingoja anipige. Akasema shikamoo, nikaitikia marahaba. Alinieleza kuwa gerezani alilima shamba miaka yote, hakumeza kidonge hata kimoja, wala hakuanguka. Halafu akauliza mama yake yuko wapi.

Nikamwambia amehamia Pangani, anamlea Noa, mtoto wa marehemu kaka yake, ana miaka mitano, maskini, naye mgonjwa mgonjwa. Nikasikia maneno yangu mwenyewe.

"Anaumwa nini?" akauliza, ingawa wote wawili tulijua.

Mzee wa kanisa alikuwa amekwishamwagiza akaombe radhi kwa mama yake. Loveness akaniambia sawa, twende tukaombe. Njia nzima nilihofia atamwua arudi ndani maisha yake yote. Aliposhuka kwenye basi kununua maji nilipekua mfuko wake, nikakuta kanga na kitana tu.

Chumba cha Elizabeti kilikuwa kimejaa wanawake. Noa alilala mkekani na kofia ya sufu kichwani, joto lote lile. Elizabeti alilia vizuri, ule mkono ameuweka wazi kila mtu auone. Mzee wa kanisa, naye alikuwepo, akamwambia Loveness apige magoti, naye akapiga. Kisha akanyoosha mkono kando ya mto wa kulalia wa Noa, akachukua chupa ya vidonge, akamimina viwili kiganjani.

"Meza, mama. Viwili tu, kama huyu."

"Mimi si mgonjwa."

"Na huyu? Nani hapa amekiona kifafa chake?"

Wanawake wakatazamana. Hakuna aliyekiona. Elizabeti akaanza kusema mtoto huyu hana adabu, jela imemharibu, ndipo nami nikafumbua mdomo, miaka imepita.

"Hata cha Loveness hakuna aliyekiona," nikasema. "Mimi ndiye niliyemshika miguu akinyweshwa."

Loveness alimshika mama yake taya. Vidonge vilikuwa vimegusa midomo, na Wallahi nilitaka avisukume. Elizabeti alibana meno, akatikisa kichwa, macho yamemtoka kwa hofu, na kila aliyekuwa mle alielewa kuwa anakijua anachokikataa. Loveness akamwachia. Akamnyanyua Noa, akamvua ile kofia, akatoka naye.

Daktari alituonya tusimwachishe mtoto dawa ghafla. Alizipunguza kidogo kidogo mpaka zikaisha. Watu wa ustawi wa jamii wamemwacha kwetu, mimi na Loveness. Kesi ya Elizabeti iko polisi, inatambaa. Mimi sikuisubiri. Nilipita nyumba kwa nyumba, Pangani na Chumbageni, nikaeleza. Hakuna anayekwenda kumjulia hali tena, hata mzee wa kanisa.

Nyinyi msiogope kusemwa mna jicho. Mkiambiwa mtoto anaanguka, ombeni kulala naye usiku mmoja mwone wenyewe.

Juzi Elizabeti alinipigia simu. Kifua kinambana, miguu imekufa ganzi, niwaombe wanawake waje kumwona. Nilimtazama Loveness, alikuwa anamkata Noa kucha.

"Mwambie ni mzima," akasema, hata hakuinua kichwa.

Nikamwambia hivyo hivyo, nikakata simu. Moyo wangu ulitulia, Mungu anisamehe, nami nikauacha utulie.